Anwani ya Kituo cha Nne

Jina la Taratibu alibandikwa na madereva. Kila alipopanda gari la shirika la maji kwenda kwenye vituo vya pampu, kompyuta ikiwa mapajani na mfuko wa vifaa miguuni, alikuwa haachi kumwambia dereva, "Taratibu, mwanangu, taratibu, hii mashine haina mbavu." Mwisho madereva wakawa wanaulizana asubuhi, "Leo nani anampeleka Taratibu?" na jina likapanda ngazi mpaka ofisini. Huko ofisini lilipata maana nyingine. Mama huyu, fundi wa mtandao, alikuwa hagusi ruta yoyote, mashine inayoelekeza taarifa za mtandao njia, kabla hajaandika kwa kalamu kila amri atakayoiingiza. Akimaliza kuandika, anasoma. Anakwenda kunywa maji. Anarudi, anasoma tena. Ndipo anapokaa mbele ya kompyuta. Vijana wa idara walimcheka, naye akawa anacheka pamoja nao, lakini hakubadilika hata chembe.

Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka hamsini na sita, mwili mkubwa, miwani ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kamba, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na simu. Maana kazi alianzia kwenye simu. Aliingia shirika hilo akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, akakalishwa na wenzake watano mbele ya ubao wa matundu, kazi yao kuchomoa waya huku na kuuchomeka kule ili watu wa ofisi wapate kuzungumza. Ilipokuja mashine ya kuunganisha simu yenyewe kwa yenyewe, wote sita wakaandikiwa barua za kuwashukuru. Siku ya kuzigawa, fundi mkuu wa enzi hizo, mzee ambaye miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja, alikuwa anatafuta namba ya mtu wa stoo na kitabu cha namba hakionekani. Msichana akamtajia namba bila kunyanyua kichwa, kisha akaongeza, "Lakini saa hizi hayupo stoo, yuko kwa karani wa manunuzi, mia mbili kumi na saba." Mzee akamjaribu kwa ofisi nyingine, akajibu. Akamtajia kumi, akajibu zote kumi. Mzee akaenda moja kwa moja kwa meneja. "Yule mnayemfukuza," akasema, "ndiye kitabu chenyewe."

Basi akabaki. Akahamishiwa karakana, akafundishwa kubana vichwa vya nyaya, kisha kufunga swichi za mtandao. Ruta zilipoanza kuingia, hakuna aliyetaka kuzisomea kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vinene na vya lugha ya wenyewe. Akavichukua yeye, akavisoma nyumbani, kamusi mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Mumewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani pa nyumba yao. Alimshonea mfuko wa vifaa kutokana na mabaki ya vitambaa vya suruali, wenye vijumba kumi na viwili vya koleo, bisibisi na nyaya fupi. Wateja wakimuuliza mkewe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Sote wawili ni mafundi wa nyuzi, ila za kwake haziingii kwenye sindano."

Kazi iliyompa umaarufu na barua ya onyo kwa mkupuo mmoja ilianza na virusi. Kompyuta moja ya mapokezi iliambukizwa asubuhi, na ilipofika adhuhuri skrini za chumba cha uangalizi, zile zinazoonyesha pampu zote na vina vya matangi, zikaanza kusuasua. Sababu ilikuwa wazi: mapokezi, ofisi na pampu vyote vilikuwa vinapita mtandao mmoja, kama watu watatu wanaotumia mswaki mmoja. Bodi ikaagiza vitenganishwe. Lakini haikutaka kununua mashine mpya.

Taratibu akaitwa kikaoni kwa mkurugenzi, mama mmoja mkali kiasi, asiyependa maneno mengi. Akamweleza kwamba hakuna haja ya kununua kitu. Ruta zile zile zinaweza kugawanywa kwa ndani, kila moja ikawa kama ruta tatu zisizofahamiana: ya pampu, ya ofisi, ya wateja. Kila sehemu inakuwa na ramani yake ya njia, na aliyemo kwenye ramani ya wateja hajui kama pampu zipo duniani.

"Na ndani ya kila sehemu," akasema, "nitaweka lupubeki."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Ni mlango, mama mkurugenzi. Ila hauna tundu wala waya, upo ndani ya ruta kwa maandishi tu. Milango mingine waya wake ukikatika inakufa, na anwani yake inakufa nayo. Huu haufi mpaka ruta yenyewe izimike. Kwa hiyo ukitaka kukiita kituo, unakiita kwa anwani ya mlango huu, na njia yoyote itakayokuwa nzima itakufikisha."

"Kwa nini visiwe vituo vinane, milango minane, basi?"

"Kwa sababu tumegawa nyumba vyumba vitatu visivyopitana. Anayeita kutoka chumba cha pampu lazima apate wa kumwitikia chumba hicho hicho. Vinane mara tatu, ishirini na minne."

Mkurugenzi akaandika ishirini na nne kwenye karatasi yake. "Haya," akasema, "lakini taratibu, tusije tukawakatia watu maji."

Waliokuwemo chumbani wakaangua kicheko. Mkurugenzi akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa amewahi kulisikia lile jina.

Mkuu wa idara alikuwa mmoja wa waliocheka. Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, ambaye miaka tisa nyuma aliletwa kwa Taratibu kujifunza kazi. Ni Taratibu aliyemfundisha kubana kichwa cha waya; cha kwanza alikiharibu, na cha pili, na mpaka alipopatia, Taratibu alikuwa amefagia vichwa kumi na kimoja sakafuni. Baadaye akaenda chuo, akarudi na shahada, akapewa ofisi yenye kiyoyozi. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Taratibu kila asubuhi kabla ya yeyote, na wakiwa wawili tu alimwita mama. Ila alikuwa mtu wa haraka. Chai yake aliinywa amesimama.

Kazi ikaanza Jumatatu. Taratibu aliandika karatasi nane, kila kituo na yake, kila moja ina mistari kumi na minne, akazipanga kwenye trei iliyo juu ya meza yake. Kisha akawa anakwenda kituo kwa kituo kwa gari, anakaa mbele ya ruta yenyewe, anaiunganisha na kompyuta yake kwa waya wa moja kwa moja na kuandika mstari baada ya mstari. Jumanne jioni mkuu akamfuata karakana.

"Pole na kazi, mama. Tumefika wapi?"

"Nimeshapoa. Cha pili kimekwisha. Kesho cha tatu."

"Cha tatu tu? Ijumaa bodi inakuja. Nilitaka niwaonyeshe angalau vitano."

"Waonyeshe vitatu vinavyofanya kazi."

"Lakini si unaweza kuziingia ruta ukiwa hapa hapa? Karatasi unazo. Amri ni zile zile."

"Naweza. Siku moja ikinifungia nje, nani atanifungulia? Mimi nataka niwe nimesimama mbele yake, tunatazamana."

Mkuu akatabasamu, akatikisa kichwa, akaondoka.

Jumatano saa nne asubuhi Taratibu alikuwa kituo cha tatu, mstari wa kumi, simu yake ilipoita. Aliyepiga alikuwa mwendesha pampu wa kituo cha nne. Waendesha pampu wote walikuwa na namba yake, na walikuwa wakimpigia yeye kabla ya ofisi, hata kwa mambo ya balbu.

"Mama Taratibu, tangi la mlimani linamwaga! Maji yanashuka barabarani kama mto. Nimezima pampu kwa mkono sasa hivi."

"Haikusimama yenyewe?"

"Haikusimama. Na ile taa ya mtandao inawaka kama kawaida."

Taratibu akakata simu, akapiga chumba cha uangalizi. Mtu wa zamu akamwambia kwamba kituo cha nne kimekuwa cha kijivu kwenye skrini, yaani hakipatikani, kwa muda wa dakika arobaini, ila hakushtuka, kwa sababu walitangaziwa kwamba wiki hii kuna kazi. Ndipo akampigia mkuu.

"Mkuu, kuna mtu amegusa kituo cha nne?"



"Nilichukua karatasi yako kwenye trei," mkuu akasema. "Nilikuwa naifuata vilevile, neno kwa neno. Nilipoingiza mstari wa sita, ikanikatia. Najaribu kuingia tena, haiitikii."

"Basi usiguse kingine. Chochote. Nakwenda."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo kumpa amri, na mkuu akaitikia, "Sawa, mama," kama zamani.

Njiani Taratibu hakumwambia dereva taratibu. Dereva mwenyewe ndiye aliyepunguza mwendo walipokaribia mlima, maana barabara ilikuwa imejaa tope. Chini ya mteremko palikuwa na karakana ya seremala. Seremala alikuwa amesimama mlangoni na suruali imekunjwa magotini, anatazama mbao zake zinavyoelea na vitanda vinne alivyokwisha kuvipaka vanishi vikiwa ndani ya maji mpaka kwenye chaga. Hakuwa anapiga kelele. Alipoona gari la shirika alilitazama tu likipita, na Taratibu akainamisha macho.

Ruta ya kituo cha nne ilikuwa kwenye kabati la chuma, chumba kidogo nyuma ya pampu. Akachomeka waya wake. Ilikuwa hai kabisa. Akaitisha orodha ya milango, na pale pale akaona alichokuwa amekwisha kukihisi garini. Lupubeki ilikuwa imehamia sehemu ya pampu kama mstari wa sita ulivyoagiza, lakini haikuwa na anwani. Mahali pa anwani palikuwa patupu.

Ndivyo ruta za aina ile zilivyo. Ukiuhamisha mlango kutoka kwenye mtandao wa pamoja kwenda kwenye sehemu yake, mashine inaufutia anwani, ili usije ukaibeba anwani ya watu wengine ukaingia nayo kwako. Lazima uiandike upya. Mkuu alikuwa ameingia kwenye ruta hiyo kwa kupitia anwani ile ile. Ilipofutika, naye akawa nje. Na ishara ya kusimamisha pampu, inayotoka kwenye tangi, nayo ilikuwa inaita anwani hiyo. Ikaita, haikujibiwa.

Akaandika anwani. Mstari mmoja. Kisha akaiambia ruta kwamba kuanzia sasa taarifa zake za pampu zitoke kwa mlango huu, ndani ya sehemu hii, si kwingine. Akapiga chumba cha uangalizi.

"Nne inasemaje?"

"Imekuwa kijani, mama."

Kazi yote ilichukua dakika sita. Mwendesha pampu alimletea kiti, naye akakaa, akatoa miwani, akafuta kioo kwa pindo la nguo. Kisha akafungua mfuko, akatoa karatasi ya kituo cha tatu aliyokuwa ameiacha katikati. Akasoma mstari wa sita: hamisha mlango. Mstari wa saba: washa njia za sehemu. Kati ya sita na saba hapakuwa na kitu. Hapakuandikwa popote, *andika anwani upya*. Kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu aliandika, kwa sababu vidole vyake vilijua. Vilikuwa vimeizoea ile hatua mpaka vikaifanya bila kumwuliza. Lakini kwenye karatasi haikuwepo. Karatasi zote nane zilikuwa na kosa moja, naye alikuwa amezisoma kila moja mara mbili, na maji akanywa.

"Mama, mbona umebadilika rangi?" mwendesha pampu akamuuliza.

"Ni joto la humu ndani," akasema.

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa anapindia shati la shule. Alisimamisha cherehani kumsikiliza.

"Sasa mama watoto, kuna tatizo gani hapo?" akasema. "Mashine si inaandika nani ameingia na saa ngapi?"

"Inaandika."

"Basi wewe nyamaza. Waache wasome wenyewe. Aliyekwenda kugusa kisicho chake anajulikana."

"Karatasi ni yangu, baba watoto."

"Alitumwa aichukue?"

"Hakutumwa. Lakini ningeiandika sawasawa, asingekatiwa, na yule seremala asingelowa."

"Na wewe ukisema hivyo, watakachosikia ni hilo tu," mumewe akasema. "Hayo mengine watayaacha mlangoni." Akakanyaga cherehani, mazungumzo yakaishia hapo.

Ijumaa bodi haikuonyeshwa kitu, ziara iliahirishwa. Badala yake mkurugenzi aliwaita wawili hao ofisini kwake. Mbele yake palikuwa na ripoti ya mkuu wa idara, ukurasa mmoja. Ilisema kwamba hitilafu ilitokana na "upungufu katika maelekezo yaliyoandaliwa na fundi". Mkurugenzi akaisoma kwa sauti, kisha akamgeukia Taratibu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Taratibu akasema. "Mstari mmoja haupo, na niliyeuacha ni mimi. Umekosekana kwenye karatasi zote nane. Nimezileta." Akaziweka mezani. "Na kituo hakikupaswa kuguswa kwa mbali. Hilo halimo kwenye ripoti, nalo pia ni kweli."

Mkurugenzi akamtazama mkuu. Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nani aligusa kwa mbali?"

"Ni mimi," mkuu akasema.

"Nilikuwa najua," mkurugenzi akasema. "Nilitaka nione kama na nyie mnajua."

Lakini mumewe fundi cherehani alikuwa amepiga ramli sawasawa. Wiki iliyofuata barua ya onyo ilitoka, ikamwendea Taratibu peke yake, kwa kuwa karatasi zilikuwa na jina lake. Mkuu aliitwa, mlango ukafungwa kwa muda wa robo saa, akatoka, na hakuna karatasi iliyomfuata. Seremala alipelekewa mbao nyingine na shirika likampa kazi ya kutengeneza rafu za stoo. Taratibu aliisoma barua yake karakana, akatia sahihi ya kuipokea, akarudisha nakala kwa karani. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwa maneno machache, na siku ile cherehani haikusikika tena mpaka kesho yake.

Cha tatu na cha nne vilipomalizwa, vituo vilivyobaki vilikuwa vinne. Taratibu aliandika karatasi upya, safari hii zina mistari kumi na sita, na mistari mingine ilikuwa ya mambo ambayo fundi yeyote angeona aibu kuandikiwa. Kisha akamwendea mkuu ofisini kwake, akasimama mlangoni.

"Kituo cha tano nataka uje mwenyewe. Wewe uandike, mimi nisome."

"Mama, nina kikao."

"Kikao cha saa ngapi?"

Mkuu akaangalia saa, akaangalia meza, akainuka. Kikao hakikuwepo.

Wakakaa kwenye chumba cha pampu, mkuu kwenye kiti, Taratibu kwenye ndoo iliyogeuzwa. Pampu ilikuwa inanguruma karibu nao kiasi kwamba ilibidi wapaze sauti. Alimsomea mstari wa kwanza, akauandika. Wa pili, wa tatu. Walipofika wa sita, mkuu akasimamisha vidole.

"Ile ripoti," akasema, "niliandika haraka."

"Mstari wa sita," Taratibu akasema.

"Nimeingiza."

"Wa saba. Andika anwani upya. Soma mwenyewe namba, usinisikilize mimi."

Mkuu akasoma namba moja moja, akaandika, akaitisha orodha. Anwani ilikuwepo. Akageuka kumtazama.

"Ningepaswa kusema mapema, mama. Kabla hatujaulizwa."

"Ndiyo," Taratibu akasema. "Ungepaswa. Wa nane."

Hawakulizungumza tena. Lakini mwezi ule mkuu alitoa waraka wake wa kwanza uliopata kusomwa na watu mpaka mwisho. Kila karatasi ya amri itasomwa na mafundi wawili, na wa pili asiwe aliyeiandika. Na ruta ya kituo haiguswi kwa mbali bila mtu kuwa amesimama mbele yake. Chini aliweka jina lake. Vijana wakanung'unika kwamba sasa idara nzima imekuwa Taratibu.

Kazi ilikwisha wiki ya saba. Lupubeki zote ishirini na nne zikawa mahali pake, kila moja kwenye sehemu yake, na kompyuta ya mapokezi ikaugua tena mwaka ule, ikasafishwa, na chumba cha uangalizi hakikuwa na habari.

Miezi michache baadaye trekta la wajenzi wa barabara lilikata waya mkuu kati ya kituo cha pili na cha sita. Ilitokea saa sita mchana. Kwenye skrini hakuna kilichogeuka kijivu. Sauti za vituo zilizunguka upande wa pili, zikapita kwenye njia ndefu, zikafika, na mlango ukaitikia kwa anwani ile ile. Mwendesha pampu wa cha sita hakujua, mjini hakuna bomba lililokauka. Taratibu aliona kesho yake asubuhi, alipokuwa anapitia kumbukumbu za mashine kama alivyozoea: mstari mmoja ukisema waya umekufa, na sekunde tatu baadaye mwingine ukisema njia imebadilishwa.

Akaandika taarifa fupi kwa wajenzi ili waje wauunge. Akampelekea mkuu aisome kabla haijatoka, kama waraka ulivyotaka. Mkuu akasahihisha tarehe, maana alikuwa amekosea siku, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya Taratibu.